Taa ya Kathure Iliyotoka Jasho

Hebu mwone Kathure akiingia uani mwa majumba ya kupanga ya Vickery Meadow, mjini Dallas, Jumamosi moja ya Machi mwaka 2004, saa tatu asubuhi. Bado amevaa nguo zake za kazi zenye maua madogo madogo. Anazima injini, anashuka, anazunguka mbele ya gari na kuinama, anaitazama taa ya kushoto kama anavyotazama koo la mgonjwa.

Ndani ya kioo mna matone. Yanateremka polepole na kukusanyika chini. Ungeyateka, yangejaza kijiko.

"Sasa nyinyi mmepita wapi?" akayauliza.

Ndivyo alivyo. Akiwa mtoto kule Meru aliifungua redio ya baba yake ili aone mtangazaji anakoholea wapi. Huku Dallas anamtunza bibi mmoja wa Cedar Hill, ambaye kila siku saa moja asubuhi lazima ainuliwe kitandani, na hakubali kuinuliwa na mtu mwingine. Basi la kumfikisha Cedar Hill saa hiyo hakuna. Stika ya ukaguzi wa gari ilikuwa inaisha Jumatano, na mkaguzi alikuwa ameshamkatalia mara moja: maji yameua balbu, taa haiwaki. Msimamizi wake kazini naye alimwambia waziwazi, huna gari, nyumba ile anapewa mwingine.

Ndiyo maana siku ya Alhamisi alimpigia simu Mugisho, baba yake Kethia, jirani yake kutoka Bukavu, aliyekuwa fundi wa magari kwao na sasa anapanga mizigo kwenye ghala. Mashine za ghalani zilikuwa zinanguruma hadi ndani ya simu. Kathure alishika maneno machache tu: nyuma ya taa kuna mpira mdogo, mpira una tundu, na mwishoni kitu kama "funga". Akalipata. Akaliziba vizuri kwa gundi ya madirisha, akalala na furaha. Asubuhi yake maji yalikuwa yameongezeka.

Mugisho alishuka ngazi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliingiza vidole nyuma ya taa, akapapasa.

"Dada Kathure, hii ni nini?"

"Gundi. Si ulisema nifunge?"

"Mimi? Nilisema fungula!"

"Ndiyo hivyo. Funga."

"Fun-gu-la! Kama mlango. Mgeni anapiga hodi, unamufungula."

"Aa! Kufungua!" Kathure alijishika kichwa. "Baba Kethia, kwetu mgeni anafunguliwa. Hafungulwi."

"Ile L yenu muliitupa wapi, ninyi batu ya Kenya?"

"Tuliiacha mpakani, nyinyi mkaiokota!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini Kathure hakuridhika. Alitaka kujua. Tundu likiwa wazi, si ndiyo maji yataingia?

Mugisho aliweka kikombe juu ya boneti. Taa ikiwaka, alisema, hewa ya ndani inapata moto, inavimba, inatafuta pa kutokea. Ukiizima inapoa, inavuta hewa ya nje. Ukifunga njia, unyevu ulioko ndani unabaki humo humo, na kioo kikipoa unageuka maji.

"Kumbe inapumua," Kathure alisema polepole. "Kama kifua."

"Na weye uliifunga pua."

Waliibandua gundi kwa kijiti. Chini yake, ajabu, palikuwa na kizibo kingine, udongo mkavu, mgumu. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Basi pua ilikuwa imezibwa hata kabla ya gundi. Wakautoa udongo, wakatoa balbu iliyokufa, wakavuta waya wa umeme kupitia dirisha la jikoni, na Kathure akapuliza ndani kwa mashine yake ya kukaushia nywele, moto mdogo, plastiki isije ikayeyuka. Matone yalikonda yakawa ukungu. Ukungu ukakatika vipande vipande kama visiwa. Kisha kioo kikawa kioo tu. Wakatia balbu mpya na taa ikawaka.

Saa nane mchana mkaguzi aliwasha, akazima, akawasha tena, akabandika stika mpya. Jumatatu saa moja kamili Kathure alikuwa Cedar Hill, mikono yake chini ya mabega ya bibi.

Jioni yake, kwa kuwa asingeweza kujizuia, aliinama kwenye taa ya kulia, ile ambayo haijawahi kutoa hata tone. Akatafuta mpira wake kwa kidole. Ulikuwa umejaa udongo wa nyigu pomoni, kama mwenzake.

Akachukua kijiti, akakielekeza kwenye tundu, akakirudisha. Basi wewe unayeyajua magari, hebu mwambie: hii ya kulia miaka yote ilikuwa inapumulia wapi, na je, aifungue au aiache?