Pande la Bibi

Sisi tuliosoma Masama enzi za Ujamaa, pekupeku, vidole vimeliwa na funza, neno "binafsi" lilitukosesha raha. Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni personal, akasema asili yake ni kinyago walichovaa waigizaji wa kale. Baadaye likamaanisha mtu, kisha kitu cha mtu mwenyewe. Tukacheka. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha siasa, na mwalimu yuleyule akafoka kwamba ubinafsi ni adui wa Taifa. Siku nzima sikutulia. Nilikuwa na kuku wangu mmoja. Je, na mimi ni adui?

Baba naye alikuwa hatulii. Alikuwa amechaguliwa balozi wa nyumba kumi, na Krismasi ile alitaka kuonyesha mfano. Kwetu mbuzi akichinjwa, kila pande lina mwenyewe. La mgongo lilikuwa la Bibi, mama yake Baba, na hata mtoto anayetambaa alijua. Mwaka ule Baba akakatakata nyama yote, akaitumbukiza na ndizi kwenye sufuria moja, akatangaza, "Hapa hakuna cha mtu binafsi. Wote sawa!"

Bibi akapelekewa bakuli limejaa pomoni. Akaligeuzageuza kwa kijiko.

"Pande langu liko wapi?"

"Mama, si hiyo nyama? Tena nimekuzidishia."

"Sikuulizi nyama. Nakuuliza, mimi bado ni mtu wa hapa?"

Baba alicheka, kisha akaacha. Bibi akarudisha bakuli, akajitanda kanga yake, akaenda zake kupitia migombani.

Alifariki kabla ya Krismasi nyingine. Mwaka huo Baba alichinja, akalitoa pande la mgongo zima, akawa anazunguka nalo uani. Hakuna aliyethubutu kumwambia aliweke wapi. Inaniuma hadi leo.

Vijana wa sasa kila mmoja ana simu yake, chaja yake, kikombe chake, na ukigusa tu unaambiwa, "Bibi, hiyo ni personal!" Ndiyo, nami nimekuwa bibi, nina chumba changu na televisheni yangu. Nyama inatoka buchani Bomang'ombe imeshakatwakatwa, iko kwenye mfuko. Krismasi iliyopita mjukuu wangu, mtoto mwenye adabu zake, alinisogezea sinia akaniuliza, "Bibi, ya kwako ni ipi?"

Nikangoja mtu mwingine pale mezani amwambie. Hakuna aliyejua.