Mdomo wa Babu Kwenye Diski ya Zamani

Mama mdogo wangu ana studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti kinacholia ukikikalia. Watu wanakuja kupiga paspoti, lakini wanaomweka mjini ni marehemu. Mtu analeta picha ya baba yake iliyoliwa na mende, au iliyokunjwa mpaka pua imekatika, anauliza, "Mama Studio, huyu anapona?" Mamdogo anaigeuzageuza kwenye mwanga, anajibu kama daktari, "Mwache hapa, uje kesho kutwa." Na kweli anapona. Anatoka na suti, nywele zimechanwa, macho yote mawili. Nimeona watu wazima na ndevu zao wakilia pale kaunta wakisema ndiye, ndiye kabisa.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa baba yake mwenyewe, yaani babu yangu. Alikufa Mamdogo akiwa bado anabebwa mgongoni, akaacha picha moja tu. Iliporudi imepona, Bibi aliitundika sebuleni, na tangu nipate akili namwona anaisalimia asubuhi kabla ya mtu yeyote. "Umeamkaje, mume wangu?" Halafu ndiyo sisi.

Mvua zilizopita bati likavuja, maji yakapita nyuma ya fremu. Babu akashuka kama uji kutoka kwenye paji la uso mpaka kifuani. Siku hiyo Bibi hakula. Alisema neno moja tu: "Nirudishieni."

"Usihofu, mama," Mamdogo akamwambia. "Yumo kwenye kompyuta. Nitakutolea mkubwa kuliko yule."

Tatizo ni kwamba kompyuta yenyewe nayo ilikuwa marehemu. Mamdogo alikuwa ameshanunua mpya, ile ya zamani imefunikwa kitambaa chini ya meza. Akaitwa fundi. Bibi akakataa kubaki nyumbani, akaja kukaa kwenye kile kiti cha wateja, mkoba magotini kama anayesubiri basi.

Fundi alifungua kompyuta ya zamani kwa bisibisi, akatoa diski, kitu kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia. Akakiweka kwenye kiboksi chenye waya, waya akauchomeka kwenye ile mpya. Diski ikanguruma. Bibi akasogeza kiti.

"Inasema huna ruhusa," fundi akasoma kwenye kioo.

"Sina ruhusa na vitu vyangu mwenyewe?" Mamdogo akauliza.

"Hii mpya haikujui, mama. Mafaili haya ni ya mwenye kompyuta ya zamani."

"Mwenyewe si ndiye mimi!"

"Mke mpya huyo," Bibi akasema. "Hataki kusikia habari za mke mkubwa."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akabonyeza pale pa kuendelea, mstari wa kijani ukaanza kutambaa polepole. Ulipofika mwisho alituambia tusichomoe waya hovyo, akaenda zake kwa mteja mwingine.

Sasa, kompyuta ya zamani ilizoea kuonyesha majina ya mafaili tu. Mamdogo alijua jina lipi alifungue na lipi aliache. Hii mpya hakuna aliyeielekeza hivyo. Alipofungua folda ya Babu, ikatandaza picha zote, kubwa kama visahani, kioo kizima.

Mamdogo alirusha mkono kufunika. Alikuwa amechelewa.

Picha zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Babu, na kuanzia chini ya pua hakuna kitu, kovu jeupe tu mpaka kwenye shati. Ya tatu ni Babu wetu wa sebuleni, mzima. Ya katikati ilikuwa paspoti ya muuza nyama wa pale kwenye kona. Bibi anamwita Kidole, kwa sababu akipima nyama kidole chake husahaulika juu ya mizani. Hawasalimiani. Na kwenye picha ile Kidole alikuwa na macho, masikio, kola safi, ila mdomoni pana shimo, limekatwa vizuri kwa kufuata mashavu.

"Huyo si Kidole?" Bibi akauliza.

Mamdogo akaanza kutafuta pa kuifunga ile folda.

"Mdomo wake uko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshauona. Ulikuwa kwenye picha ya tatu, na ile mikunjo yake ya kusema "imezidi kidogo, mama". Kicheko kilinipanda, nikakimeza nilipomwangalia Bibi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Picha ilikuwa imechanika, mama," Mamdogo akasema kwa sauti ya mtoto. "Mimi sikumjua. Nikatafuta mwanamume wa umri ule, aliyekaa vile vile. Kazi ndiyo ilivyo. Wote tunafanya hivyo."

"Hukuniuliza."

"Nilitaka kukushtukiza. Na ulipoiona ulisema ndiye!"

"Uliniambia mashine imemrudisha." Bibi aliongea taratibu. "Niliona mdomo si wake. Nikasema, mashine itakoseaje? Ni mimi nimeanza kumsahau mume wangu. Nikaona aibu. Nikajifunza mdomo ule."

Mamdogo alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye nyaya.

"Basi niambie mdomo wake ulikuwaje. Nauchora sasa hivi, mama. Mnene? Mwembamba?"

Bibi akafumba macho. Akainua kidole, akaanza kuchora hewani mbele ya uso wake. Kidole kikasimama. Akafumbua, akafumba tena kwa nguvu.

"Anakuja Kidole," akasema.

"Mama..."

"Nikifumba macho anakuja Kidole! Kilo zangu zote hazikumtosha?"

Mteja alichungulia pazia akitaka paspoti. Mamdogo alimfukuza kwa mkono bila kugeuka.

Baadaye Bibi akaonyesha ile picha ya kwanza. "Nitolee huyu."

"Huyo hana mdomo, mama."

"Macho ni yake?"

"Ni yake. Sikuyagusa."

"Unaapa?"

Kiapo hakikutosha. Mamdogo akatafuta ile picha yenyewe iliyochanika, akaiweka ubavuni mwa kioo, na Bibi akapitisha ukucha kope kwa kope, huku na huku. Ndipo akasema, "Toa. Mkubwa kama ulivyoahidi."

Printa ikaanza kumleta Babu kidogo kidogo: nywele, paji la uso, macho. Ilipofika puani na kuanza kusukuma weupe mtupu, Bibi alikuwa ameshasimama, ameikamata karatasi kwa pembe mbili za juu, anasema macho yanamtosha, na Mamdogo anamsihi asivute.