Daraja Lisipigwe Msumari

Mtaani wanamwita Sindano. Kwanza ni mwembamba, pili anashona sare za shule, na tatu, asemavyo wifi yake, ukimwona amenyamaza sana ujue anatafuta pa kuchoma.

Nyumba yao iko upande mmoja wa kijito. Cherehani yake iko ng'ambo, na shule ya binti yake iko huko huko. Katikati kuna daraja la mbao juu ya boriti za chuma, la zamani kuliko mumewe. Wakati wa kiangazi kijito hicho unakiruka bila kulowa. Mvua ikikolea huko juu, kinapanda mpaka kinazilamba mbao. Msimu uliopita binti huyo wa darasa la kwanza alikanyaga ubao ukaachia, mguu ukazama mpaka pajani. Sindano akamdaka kwapani na kumvuta. Kiatu kilikwenda na maji. Tangu hapo mtoto anavuka amefumba macho, kang'ang'ania sketi ya mama yake.

Ndipo alipokwenda ofisi ya barabara kuuliza daraja jipya litajengwa lini. Karani, mama mmoja mwenye miwani, akamfungulia faili.

"Injinia amekuja mara tatu, mdogo wangu. Soma mwenyewe."

Sindano alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Mara zote tatu iliandikwa vile vile: mbao mpya, reli za kushikia zimepakwa rangi, hali ni ya kuridhisha. Akashukuru, akatoka. Aliyezipigilia mbao hizo, yeye Sindano ndiye anayemwandalia chai kila asubuhi.

Baba mkwe wake ni seremala. Kila ikitangazwa kwamba injinia anakuja, yeye na wenzake hutoka na nyundo, wakabadilisha mbao zilizooza, wakapaka rangi, wakafagia. Mgeni lazima aandaliwe. Naye mgeni hufika, akaridhika, akaandika, akaenda zake.

Safari hii injinia alitazamiwa Alhamisi. Jumanne jioni Sindano alimkuta mzee uani akichambua misumari kwa urefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hebu nipishe mwanga."

"Baba, naomba mara hii usipigilie hata mmoja."

Mzee akacheka. "Sasa injinia akute daraja lina mapengo kama kinywa changu?"

"Akute hivyo hivyo."

"Miaka thelathini watu wanavuka kwa mkono huu! Leo waseme nimechoka?"

"Wanavuka juu ya mbao zako, baba. Boriti chini yake nani anaziangalia? Mimi nikiletewa nguo iliyooza siweki kiraka. Uzi unapita, lakini haushiki kitu. Na mjukuu wako siku hizi anavuka amefumba macho."

Mzee akaacha kuchambua. "La macho hukuniambia."

"Nimekuambia sasa."

Akafunika kopo la misumari.

Alhamisi injinia alifika, watu wakajaa ukingoni. Akahesabu matundu, akasonya. "Jamani, hapa hamna fundi? Mbao nne tu zimewashinda?"

Macho yote yakamgeukia seremala. Sindano akaona uso wake mwenyewe unawaka moto. Aibu ile ni yeye aliyemletea mzee. Mzee akaondoka. Basi, amekasirika, Sindano akawaza. Lakini akarudi, mkononi ana mtaimbo.

"Fundi ni mimi," akasema, akapiga magoti na kuanza kung'oa mbao zake mwenyewe, tena zile nzima.

"Mzee, unabomoa!"

"Njoo uchungulie."

Injinia akainama. Akaichokoa boriti kwa kalamu, na kalamu ikazama kwenye kutu kama kwenye biskuti iliyolowa. Akarudi nchi kavu kinyumenyume, hatua moja moja.

"Miaka yote hii, kwa nini hamkusema?"

"Tulikuwa tunakukaribisha," mzee akajibu.

Alasiri ile ile daraja likafungwa kwa mabati na waya. Kuanzia hapo ikawa ni kuzunguka kwa barabara ya juu, saa nzima na robo kwenda, na vivyo hivyo kurudi.

"Sindano, umetuchoma nyayo!" wifi yake akapiga kelele siku ya kwanza.

"Pole, wifi. Vaa raba."

Wengine hawakutania. Walimpita bila salamu, naye akawasalimu hivyo hivyo, kila siku, akatoka nyumbani mapema zaidi.

Mvua zilipokwisha mitambo ya kujenga daraja jipya ikaja. Seremala akahamia ukingoni. Akamwonyesha msimamizi jiwe ambalo mafuriko hulifikia, wakabishana siku mbili, wakapima upya, nguzo zikaongezwa urefu. Kisha wakampa kazi ya kutengeneza maboksi ya mbao ya kumwagia zege.

Asubuhi moja, kule juu barabarani, binti alisimama akayatazama maboksi yale kule chini.

"Mama, tutavuka lini?"

"Zege likikauka."

"Litakauka lini?"

"Bado. Tembea, mwanangu, kengele itatukuta njiani."

Wakaongeza mwendo.