Nyumba ya Durable ya Tonton Idrissa

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa wakaaji wa Kisangani wenye gari, wenye pikipiki na wanaobebwa kwa baiskeli za toleka: katika karne hii ya saruji, Tonton Idrissa, seremala na mgane wa Kabondo, amejenga nyumba ambamo binadamu anaweza kulala adhuhuri bila kuiva. Tunaomba dakika moja ya ukimya.

Haya, imetosha.

Mambo yote yalianzia kwenye neno moja. Idrissa alitaka kumuoa Karima, muuza vitambaa wa Makiso. Shangazi aliyemlea Karima, Mama Safi, hakukataa. Alisema tu:

"Bon, Karima ataolewa. Lakini ndani ya nyumba ya durable."

Kwa Kifaransa ni kitu cha kudumu, lakini mjini hapa kila mtu anajua durable ni nini: matofali, saruji, bati juu. Mama Safi mwenyewe amekaa humo miaka ishirini, ukuta ukiota ukungu, yeye akikohoa na kujipepea kwa kifuniko cha sufuria. Anakohoa, ndiyo, lakini kwa hadhi.

Idrissa alisikia durable, akaota kambala. Huo ni mti ambao mchwa akiuonja, anakwenda kutafuta kazi nyingine. Mbao zilipanda mto kutoka Yanonge, zikakaa kivulini miezi minane mpaka maji yote yakazitoka. Kisha akajenga polepole, kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamponyoka: sakafu juu ya miguu, upepo upite chini, kuta mbili zenye nafasi katikati, dari ya mbao, na juu yake tundu refu la kutorokea joto. Asubuhi mwanga uliingia mwembamba kama nyuzi, mbao zikatoa harufu ya msitu, na ukipita ungeapa kwamba nyumba inavuta pumzi.

Jirani yake Hubert, fundi wa matofali, alipita pia.

"Tonton, hii iko pirogi ya kuvuka mto ao kizimba cha kuku?"

"Iko durable."

"Durable wapi? Iko maplanche, mbao tupu!"

Jumapili Mama Safi akaja kukagua. Karima alimfuata nyuma, akiuma ncha ya kitenge chake. Mama Safi akagonga ukuta kwa kidole, ko, ko, ko.

"Idrissa, nilisema durable. Siwezi kutia mutoto wangu ndani ya sanduku. Alors, nipumzike kidogo, jua iko kali, kisha tunaenda."

Akakaa. Upepo ukapanda kutoka chini ya sakafu, ukamshika miguu, ukamshika shingo. Mvua ikaja, lakini chini ya dari ile ikasikika mbali sana, kana kwamba inanyeshea mji mwingine. Mama Safi akazama usingizini. Nje, chini ya ukingo wa paa, Karima na Hubert, aliyekuja kuchungulia, walisubiri kikohozi. Hakikuja. Walisikia mkoromo tu, mzito na mtamu, ukielea kama mashua isiyo na haraka ya kufika.

Alasiri akafumbua macho, akajigusa kifua.

"Nani amezima kikohozi yangu?"

Akavuta pumzi ndefu, akasimama.

"Bon. Karima alete vyombo yake. Na miye nitaleta mukeka yangu."

Karima akacheka, akalia, akacheka tena. Hubert akavua kofia, akauliza:

"Tonton, ambia watu wa Kabondo. Maono gani ilikuongoza mpaka ukashinda saruji?"

Idrissa akapangusa vumbi la mbao magotini.

"Miye sijui kupanga matofali."