Rozari Mbele ya Luku

Sifa zote ni kwa Mungu Baba, aliyetenga nuru na giza kabla hajamuumba mtu wa kuuziwa nuru hiyo. Nimeishi miaka mingi kwa neema yake. Nimefundisha katekisimu hapa Bariadi mpaka baadhi ya wanafunzi wangu sasa ni mababu, na macho yangu bado yanasoma maandishi madogo. Kwa macho hayo hasa namshukuru. Bila hayo nisingeweza kumlipa mama mwenye nyumba alichostahili.

Najua Bwana amesema kisasi ni chake. Sikubishana naye. Nilimwomba tu aniazime kwa siku moja, na ninaamini aliniazima.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye ua wa mwanamke mmoja wa jumuiya yetu ya sala. Yeye alikaa nyumba kubwa ya mbele. Uani tulikuwa wapangaji wawili, mimi na kijana wa bodaboda. Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja kwa nyumba nzima, imefungwa ukutani barazani. Uniti zilipokwisha tulichanga sawa kwa sawa, bila kuuliza nani anapiga pasi na nani analala mapema. Tulikaa hivyo kwa amani mpaka dada yangu alipokuja kutoka Mwanhuzi.

Mume wake alikuwa amefariki, na shemeji zake waligawana ng'ombe, wakagawana na nyumba. Dada alishuka kwenye basi na sufuria kubwa, mkeka, na macho mekundu. Macho yale ni ya moshi. Kule kwao Mwanhuzi, wilayani Meatu, kuni ni za shida, naye alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka tangu alipoolewa. Lakini kila aliyekulia Usukumani anajua macho mekundu ya bibi kizee yamewahi kusemwa nini, na wapo vikongwe walio kaburini kwa sababu ya macho yao. Hilo sitalieleza zaidi.

Dada hakutaka kula bure. Alianza kuchemsha matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, akiwauzia majirani na karanga pembeni. Asubuhi walipanga mstari mlangoni. "Mwangaluka mayu," walimsalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, na yeye aliwajibu mmoja mmoja kama mtu anayehesabu ng'ombe wake waliorudi.

Miezi michache baadaye uniti zikaanza kwisha haraka. Tulichanga, kabla ya wiki kupita tukachanga tena. Mama mwenye nyumba alisimama barazani mikono kiunoni.

"Mimi sisemi mtu," alisema. "Lakini nyumba hii ilikuwa salama. Kuna mgeni ameingia, na tangu ameingia umeme unakwenda kama maji kwenye chekeche."

"Mgeni anapikia mkaa," nilimjibu. "Chumbani kwetu kuna taa moja."

"Mwalimu, wewe ni mtu wa dini, mambo mengine huyajui. Kuna watu hawahitaji waya."

Huku kwetu mwenye duka akiona fedha zinapungua kwenye droo bila sababu, husema kuna chuma ulete, yaani mtu anayevuta mali ya wenzake kwa dawa bila kunyoosha mkono. Sijawahi kusikia chuma ulete wa umeme. Yeye ndiye aliyemvumbua, akampa macho ya dada yangu.

Kijana wa bodaboda alilichukua kama mchezo. "Bibi," alimwambia dada, "kama unavuta umeme, nivutie na petroli basi, tugawane."

"Ningekuwa na uwezo huo," dada alimjibu, "ningeanza kuvuta hiyo pikipiki yako, tulale."

Tulicheka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kwenye ua. Mstari wa asubuhi ukawa mfupi, kisha watu wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Mwanamke mmoja alirudisha bakuli lake likiwa limeoshwa mara mbili. Siku moja nilitoka Misa nikakuta dada amefunga sufuria yake kwenye kanga.

"Narudi Mwanhuzi," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Mume wako yuko kaburini, dada."

"Ndiyo. Yeye hanitazami macho."

Nilimfungulia ile kanga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimwambia anipe muda kidogo, na kama nitashindwa nitamsindikiza mpaka stendi. Moyoni nilisema jambo lingine: huyu mama mwenye nyumba ataaibika mbele ya watu walewale aliowajaza maneno, na atajiaibisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilianza na mita. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka yote bila kuitazama, isipokuwa siku ya kuingiza tarakimu. Sasa niliisimamia. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na nilichojifunza kwa kuitazama ni kwamba kila umeme unavyoliwa zaidi ndivyo inavyopepesa upesi. Sikuwa na saa ya mkononi. Nilikuwa na rozari. Salamu Maria yangu haibadiliki mwendo. Nimeisali tangu nina meno ya utoto. Basi nikawa nasali moja, nikihesabu taa imepepesa mara ngapi mpaka Amina.

Kijana wa bodaboda akipiga pasi, taa ilipepesa mara nne au tano katika Salamu Maria moja. Pasi ikizimwa na friji ya mbele ikiunguruma, ilipepesa mara moja katika sala mbili. Taa yetu ya chumbani peke yake ilikuwa si kitu. Ningeweza kusali karibu makumi mawili kabla haijapepesa. Hapo nilijua kwamba dada yangu, hata angekuwa mchawi, ni mchawi maskini sana.

Watu waliniona nimesimama ukutani nikitembeza rozari na kusogeza midomo. Mama mwenye nyumba akaeneza tena: "Sasa wamekuwa wawili. Mmoja anavuta, mwingine anaombea kisivutwe cha kwao." Nilipolisikia, nilishukuru Mungu. Mtu anayekuogopa hakuulizi unahesabu nini.

Nikapata mchana mmoja mtulivu. Mama mwenye nyumba alikuwa sokoni, friji yake imenyamaza, kijana yuko barabarani, taa yetu nimeizima. Mita ilipaswa kulala. Lakini ilikuwa inapepesa upesi, mara mbili kwa kila Salamu Maria, kwa kitambo cha nusu ya kumi la rozari. Kisha ikapungua. Kisha ikaanza tena. Kitu fulani mle ndani kilikuwa kinapata joto, kinapumzika, kinapata joto. Nimefuga kuku maisha yangu yote. Nilikuwa nikitazama kuku anayeatamia, ila wa chuma.

Mambo mengine yakajipanga yenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa akiuza vifaranga, na siku zote alisema vinashuka na basi kutoka Mwanza. Lakini basi sikuwahi kuliona. Nilichoona ni trei za mayai ya kienyeji zikiingia kwake kutoka vijiji vya Nyalikungu, na mayai hayo hayakuwahi kunukia kikaangoni. Stoo ya nyuma ilifungwa kufuli na dirisha lake lilizibwa kwa gunia. Alikuwa na mashine ya kutotolea mle ndani, na sisi tulikuwa tukichangia joto lake. Ili tusiulize, alimtoa dada yangu awe jibu.

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mzee mwenye haki, nikamweleza. Angemwita, angekanusha, na usiku huohuo mashine ingehamishwa. Halafu neno lingebaki kwa dada. Sikutaka hivyo. Nilitaka zaidi ya haki.

Nikangoja. Trei mpya ziliingia, na nikahesabu siku kama mwanamke anayejua kuku hukaa wiki tatu. Jumuiya ilipokutana nikasema mimi mwenyewe: "Ndugu zangu, ua wetu unasemwa. Naomba Jumamosi ya wiki ijayo tuje kusali pale, tumfukuze huyu chuma ulete."

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi asubuhi ua ulijaa. Dada aliketi kwenye mkeka wake mlangoni, na hakuna aliyeketi karibu naye. Baada ya Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti alinipa niongoze, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa dini. Nikamgeukia mama mwenye nyumba.

"Mama, kabla hatujaanza, watu wajue. Kwako umeme unatumika kwa nini?"

"Friji na taa mbili, na redio. Mungu ni shahidi yangu."

"Hakuna kingine?"

"Mwalimu, nimeshamtaja Mungu!"

"Amina. Basi, kama kuna mkono unaovuta umeme wetu, tuuzime wote wakati wa sala. Mkono ukinyooka usikute kitu."

Watu walisema hilo ni neno la busara. Yeye alikaza kilemba chake.

"Hata friji, Mwalimu?"

"Friji haina dhambi. Itavumilia."

Mwenyekiti akainuka mwenyewe, akashusha swichi kubwa. Taa nyekundu ikafa.

Tukasali matendo ya furaha, kama ilivyo desturi ya Jumamosi. Nilisali polepole, kila neno likikaa mahali pake. Tulipomaliza mama mwenye nyumba alianza kuinuka. "Kwa jambo zito hivi," nikasema, "tusali rozari yote." Akaketi. Tukasali matendo ya mwanga. Jua lilipanda. Tukasali ya uchungu, na hapo alikuwa ameshaanza kutazama nyuma, kwenye mlango wa stoo, kama ng'ombe aliyeacha ndama zizini. Jasho lilimtoka chini ya kilemba. Nilimwona, na nikaongeza utulivu wa sauti. Tukasali ya utukufu. Kisha nikaanza litania, na kila walipoitikia "utuombee" nilimtazama yeye. Nasema ukweli mbele ya Mungu ninayemwabudu: sijawahi kusali kwa makini kama siku ile.

Litania ilipokwisha nilisema, "Sasa tukae kimya, tusikilize."

Ua ukanyamaza. Mbali, mtu alikuwa anapigilia bati. Halafu, nyuma ya kufuli na gunia, tukasikia sauti nyembamba. Pyo. Pyo pyo. Kisha nyingi kwa pamoja, za viumbe wadogo waliopigwa na baridi.

Kijana wa bodaboda aliinua kichwa. "Jamani," alisema, "huyu chuma ulete mbona analia kama kifaranga?"

Hakuna aliyepata nafasi ya kucheka. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasimama, kilemba kimemwanguka. "Washeni!" alipiga kelele. "Washeni jamani, mayai yangu! Yanakufa! Washeni umeme!"

Mwenyekiti hakukimbilia swichi. Alimuuliza kwa upole, "Mayai gani, mama? Ulisema friji na taa mbili."

"Na redio," kijana akamkumbusha.

Alifungua stoo mwenyewe mbele yetu. Mashine ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Pembeni, chini ya taa za joto zilizozimika, vifaranga vya kwanza vilikuwa vimejirundika kwenye boksi. Akaanza kuyapapasa mayai, moja baada ya jingine, hajui lipi hai. Ndipo akamkumbuka mtu aliyekulia kwenye kuku na ng'ombe. Akatoka nje, akapiga magoti mbele ya mkeka wa dada yangu akiwa na yai mkononi.

"Mayu, nisaidie. Nitazamie, wewe unajua."

Dada alilipokea. Akaliweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, watu wote wakimtazama macho yake mekundu.

"Hili linagonga," alisema. "Lina mtu ndani." Kisha akalirudisha kwenye kiganja cha mwenye nalo, akakifunga vidole kimoja kimoja. "Lakini mikono hii si ndiyo inayovuta? Nisije nikavuta na roho yake."

Akainuka, akaenda kuwasha jiko.

Mayai mengine yalianguliwa na mengine hayakuanguliwa. Sikuuliza hesabu yake. Mama mwenye nyumba aliomba msamaha mbele ya jumuiya Jumamosi iliyofuata, akimtaja dada kwa jina na kulitaja kosa lenyewe, kama mwenyekiti alivyomwagiza. Siku hizi ana mita yake na sisi tuna yetu. Nilimpa mkono wa amani, kwa kuwa Kanisa linaniagiza. Mkono ni wangu na niliutoa. Mengine bado nayazungumza na Bwana, naye ni mvumilivu kuliko mimi.

Ila ile Jumamosi ya kwanza, sala ilipokwisha, watu walipanga mstari mrefu mlangoni kwetu, kila mmoja na bakuli, wakisalimu kwa sauti kubwa kuliko walivyohitaji. Dada alipakua, mimi nilipokea. Mwishoni kabisa alikuja mama mwenye nyumba na bakuli lake. Sufuria ilikuwa nusu, mvuke unatoka.

Nilimtazama dada. Dada alitazama sufuria, akaifunika.

"Yameisha," alisema.

Na mpaka leo, kila asubuhi, napita kwanza kwenye mita ya mama mwenye nyumba kabla ya yetu. Nasimama, nasali Salamu Maria moja polepole, nahesabu, naondoka. Pazia lake hutikisika. Sijawahi kumwambia napata ngapi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aiangazie nyumba yako, wala usipungukiwe kitu mezani. Akupe jirani asiyekusingizia. Na akikupa wa namna ile, akupe pia subira ya kuhesabu, na ndugu ambaye hatakuacha ufunge sufuria yako kwenye kanga. Amina.