Mpaka Likujie

Pale Tlawi, Gaudensia anawajua kondoo wa kijiji kizima kwa sura. Mtajie kondoo mwenye kovu puani, atakwambia ni wa nani, mama yake alikuwa yupi na mara ya mwisho alionekana wapi. Anayepotelewa humkimbilia yeye.

Juzi alikuja Mwalimu Akonaay, mstaafu, akihema juu ya mkongojo wake. Kondoo wake mwenye mimba hajarudi, na hii ni siku ya tatu.

Gaudensia alisimamisha jembe. "Shikamoo, mwalimu," alisema, maana hata mtu unayemchukia hanyimwi shikamoo.

"Marahaba, mama."

Kondoo yule alikuwa amemwona asubuhi hiyo hiyo, na mahali alipajua. Lakini kilichomjia kichwani ni ubao wa darasa la tatu, miaka thelathini nyuma, na saba mara nane iliyomshinda. Mwalimu alimchapa mbele ya wenzake, kisha akamwambia, "Simama hapo mpaka ikujie, kichwa panzi wewe." Alisimama mpaka kengele ya kwenda nyumbani, mkojo ukimtiririka miguuni.

"Hamsini na sita," Gaudensia alisema.

"Unasemaje?"

"Kondoo wako nimemwona, mwalimu. Nitajie kwanza jina langu, nikupeleke."

Mzee alimkodolea macho. Tangu darasani hakuwahi kumwita kwa jina.

Gaudensia aliinamia tena shamba lake.

"Basi simama hapo," alisema, "mpaka likujie."