Babu Aliyekuja na Chungu

Habari za msiba huu nililetewa na mtani wa marehemu, kwa hiyo sikuziamini. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata siku ya maziko, na huyu alisimama mlangoni pangu asubuhi akasema, "Mjukuu wa chifu leo amekataa kuamka. Anangoja abebwe." Nikacheka. Yeye hakucheka, ndipo nikatafuta kofia yangu.

Marehemu alikuwa mchonga mitumbwi, mzaliwa wa Mofu aliyehamia hapa Ifakara, mtu mwema mwenye maradhi mamoja tu: ukoo wake. Kwa maelezo yake, kila mwenye jina lile katika bonde hili ni uzao wa mtoto wa chifu aliyevuka milima zamani akiwa na mkuki mkononi. Babu huyo alizidi kukua kila mwaka. Nilipoanza kumsikia alikuwa na mkuki tu. Baada ya masika akapata ngao, na kufikia mavuno alikuwa na wapiga ngoma. Niliuliza ngoma zilivushwaje mto ukiwa umefurika. Akanijibu bila kuacha kuchonga, "Wewe ni mtu wa magazeti, bwana. Mambo ya kichifu huyawezi."

Halafu akaja mshenga kutoka Idete. Kijana aliyemtuma alikuwa mkulima wa mpunga, na binti wa marehemu alikuwa amekwisha kuwakataa wengine kwa ajili yake. Mshenga alipotaja ukoo wa kijana, wazee wakatazamana: jina lile lile. Kwa wasomaji walio mbali nieleze kidogo. Kwetu wenye ukoo mmoja ni ndugu, hata kama hawajapata kuonana, na ndugu hawaoani. Marehemu alikuwa ametangaza miaka yote kwamba wenye jina lile ni damu moja, sasa angejikanushaje? Mshenga akarudi na jibu la hapana. Binti hakulia. Alimwekea baba yake maji ya kunawa, akasema, "Baba, huyo chifu wako amenikosesha mume. Nenda kamwombe aniachie."

Tulikwenda Idete kwa baiskeli kuuliza asili ya jina lile, mimi nikikanyaga, yeye ameketi nyuma kama anayebebwa na raia zake. Bibi yake yule kijana alikuwa akipepeta mchele. Tulipokwisha kumwamkia na kumweleza shida yetu, aliuliza jambo moja. "Mwanangu, mwiko wenu ni nini?" Maana ukoo haujulikani kwa jina peke yake, hujulikana pia kwa chakula ambacho wazee wenu walikikataa, nanyi hamkigusi mpaka leo.

Marehemu alijikuna kisogo. "Sisi hatuna, mama. Tunakula vyote."

"Hata kambare?"

"Kambare ndiye hasa. Babu ndiye aliyenifundisha kumtega."

Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi wewe ni mjukuu wa mtu wa chungu." Akatusimulia alivyosikia kwa baba mkwe wake. Mwaka wa njaa alitokea mgeni kutoka milimani, kichwani amebeba chungu kitupu. Wakampa chakula, wakampa kipande cha shamba, kisha wakampa na jina lao ili majirani wasimsumbue. Ukoo ule haugusi kambare. Mgeni akaendelea kumla nyuma ya nyumba, hata akahamia Mofu. "Jina tulimpa," alisema bibi. "Mwiko haugawiwi. Nyinyi si damu yetu, watoto wanaweza kuoana. Lakini mbele ya wazee utasema mwenyewe. Mimi siwezi kumwaibisha mgeni wa baba mkwe wangu."

Tulipokaribia Ifakara marehemu akauliza nyuma yangu, "Tukisema chungu kilikuwa cha shaba?"

"Kilikuwa kitupu," nikamjibu.

Wazee walipokutana, alisimama, akakohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Babu yangu hakuwa na mkuki. Alikuja na njaa, na watu wa kijana huyu wakamlisha. Mwanangu aolewe." Watani hawakumhurumia, tangu siku ile wakipita kibandani kwake walimuuliza kama chungu kimejaa. Wajukuu walifuata mwiko wa baba yao, kwa hiyo marehemu, babu yao, akala kambare wake peke yake, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Siku hizi wengi hapa wanatafuta asili ya majina yao, na karibu kila mmoja anarudi na chifu. Najiuliza waliotawaliwa walikuwa nani. Hata hivyo siwakatazi. Nendeni, mkawaulize wazee wangali hai. Ukimkuta chifu, mshukuru Mungu na ufunge mdomo. Ukimkuta mtu mwenye njaa, usigeuze njia: uliza ni nyumba gani iliyomfungulia mlango, kisha uende ukawaamkie waliomo.